Afya ya Usharika wa Kikristo Katikati ya Jiji: Ufafanuzi wa Viashiria Vyake katika Mazingira ya Kariakoo, Dar es Salaam

IKISIRI

Makala haya yanafafanua mambo yanayoufanya usharika wa Kikristo uwe na afya katika eneo ambalo wakazi wamepungua na wafanyabiashara wameongezeka. Eneo linalozingatiwa ni Kariakoo pamoja na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ufafanuzi umejengwa juu ya Maandiko Matakatifu, maandishi ya kiteolojia kuhusu kanisa, na historia ya jiji na ya makanisa yake. Hoja kuu ni kwamba idadi ya waabudu na kiasi cha sadaka havitoshi kuonesha afya ya usharika. Kipimo kinachobeba vingine ni uwezo wa usharika kumjua msharika wake kati ya Jumapili moja na nyingine, kiasi cha kutambua anapokosekana na kuwa na mtu wa kumfuata. Makala yanaonesha kwamba jumuiya zinazofuata makazi peke yake humkosa mtu anayelala pembezoni mwa jiji na kushinda Kariakoo, na yanapendekeza ushirikiano baina ya usharika wa makazi na usharika wa mahali pa kazi.

Maneno ya msingi: usharika, afya ya kanisa, jumuiya, Kariakoo, uwajibikaji.

1.0 UTANGULIZI

Swali la afya ya usharika kwa kawaida huulizwa baada ya jambo kuharibika. Hesabu hazikulingana, wazee wa kanisa wamegawanyika, au vijana wamehamia kwenye huduma nyingine. Hapo ndipo vikao huitwa na kamati ya usuluhishi huundwa. Usharika ambao viti vimejaa, turubai limefungwa nje kwa waliokosa nafasi, kwaya zinapokezana na mnada wa sadaka za mazao unaendelea uani baada ya ibada, hauulizwi swali hilo. Huhesabiwa kuwa mzima kwa sababu unaonekana mzima.

Mfano wa kudhaniwa unaweza kuonesha kwa nini mwonekano huo hautoshi. Kijana anauza katika duka la vitenge Mtaa wa Kongo. Amepanga chumba Chanika. Hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, siku sita za juma na mara nyingine saba. Jina lake limo katika daftari la usharika wa Chanika, lakini anakosali hasa ni katika kanisa la katikati ya jiji, ambako huhudhuria ibada fupi ya mchana na kutoa sadaka yake. Akiugua kwa majuma matatu, usharika wa Chanika utadhani yuko kazini kama kawaida, na kanisa la mjini halitadhani lolote, kwa kuwa halina jina lake. Sharika mbili zenye mahudhurio mazuri zimempoteza mtu mmoja, na hakuna taarifa ya mwaka ya usharika wowote kati ya hizo itakayoonesha upungufu huo.

Makala haya yanachunguza ni viashiria gani vingeweza kuuonesha. Neno "usharika" limetumika kwa maana pana ya kusanyiko la Wakristo wa mahali fulani lenye uongozi, ibada na daftari la washarika, iwe madhehebu husika huliita usharika, parokia, mtaa au kanisa la mahali pamoja. Pale ambapo tofauti za madhehebu zina uzito katika hoja, zimetajwa.

2.0 DHANA YA AFYA YA USHARIKA

Teolojia ya kale haikuuliza kama kanisa lina afya. Iliuliza kama ni kanisa. Kanuni ya Imani ya Nikea inalitaja kanisa kwa sifa nne: ni moja, ni takatifu, ni katoliki, na ni la mitume. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara yake ya saba, linalitambua kanisa mahali ambapo Injili inahubiriwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Sifa hizi ni za msingi na hazijapitwa na wakati. Hata hivyo, zinatenganisha kanisa na kisichokuwa kanisa. Hazioneshi kama sharika mbili zinazohubiri Injili ileile zina hali sawa.

Lugha ya afya ilipata nguvu katika karne ya 20. Donald McGavran, aliyekuwa mmisionari India, aliweka ongezeko la waumini katikati ya mjadala kupitia kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ukuaji wa kanisa. Baadaye Christian Schwarz wa Ujerumani alipendekeza sifa nane za kanisa linalokua, zikiwemo uongozi unaowawezesha wengine, vikundi vidogo vinavyogusa maisha yote ya mtu, na mahusiano ya upendo. Mark Dever, mchungaji wa Kibaptisti mjini Washington, alitaja alama tisa, akisisitiza mahubiri yanayofafanua Biblia, uanachama unaoeleweka na nidhamu ya kanisa. Waandishi hawa wawili wanatofautiana: wa kwanza anaanzia kwenye mahusiano na miundo, wa pili kwenye mafundisho na utaratibu. Wanakutana mahali pamoja tu, nako ni kwamba wote wanachukulia kuwa usharika unajua msharika wake ni nani. Dhana hiyo hawaithibitishi kwa sababu katika mazingira yao haikuonekana kuwa na mashaka makubwa.

Afrika ina mapokeo yake ya kulipima kanisa. Tangu karne ya 19, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani walifundisha kwamba kanisa la mahali lililokomaa hujitawala, hujitegemea kwa fedha na hujieneza lenyewe. Kipimo hicho kilifaa wakati wa kupokezana uongozi na wamisionari, na sharika nyingi za Dar es Salaam leo zingekifaulu bila shida. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika iliyofanyika Roma mwaka 1994 iliteua taswira ya kanisa kama Familia ya Mungu. Taswira hiyo inaleta kipimo cha aina nyingine. Familia haihesabiwi kuwa na afya kwa wingi wa watu wanaofika kwenye sherehe zake. Inatarajiwa kujua nani hakurudi nyumbani usiku.

Maandiko Matakatifu yanaunga mkono kipimo hicho kwa namna ambayo mara nyingi haizingatiwi. Picha ya kanisa la kwanza katika Matendo ya Mitume 2:42–47, yenye mafundisho, ushirika, kuumega mkate na sala, hutajwa katika karibu kila semina ya wazee wa kanisa. Sura ya sita ya kitabu hichohicho hutajwa kwa nadra zaidi katika mjadala huu, ingawa inaeleza ugonjwa wa kwanza wa ndani uliotokana na ukuaji. Wanafunzi walipoongezeka, wajane wa Wayahudi wenye asili ya Kiyunani walianza kusahaulika katika huduma ya kila siku. Tatizo halikuwa mafundisho potofu wala uhaba wa watu, bali kundi fulani lilikuwa limeachwa nje ya mpangilio wa huduma. Mitume hawakutibu hali hiyo kwa kuwahimiza watu wapendane zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na kuwakabidhi kazi hiyo. Kwa hiyo, tangu mwanzo, afya ya kanisa ilihusu muundo unaomwona asiyeonekana.

3.0 KARIAKOO: ENEO LILILOBADILISHA WATU WAKE

Makanisa makubwa ya kihistoria ya Dar es Salaam hayakujengwa Kariakoo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika mjini mwaka 1887, na Wabenediktini walianza kazi yao Pugu mwaka 1888. Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph na kanisa la Kilutheri la Azania Front, yaliyokamilika takriban mwaka 1902, yalisimama mbele ya bandari, katika sehemu ya mji iliyokuwa ya watawala. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Kariakoo ilikuwa kiini cha Uswahilini. Jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kariakoo ya wakati wa Waingereza ilikuwa mahali pa kuishi. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba pande mbili za ukumbi na uani nyuma iliwaweka wapangaji wa makabila na dini tofauti chini ya paa moja. Walio wengi walikuwa Waislamu. Wakristo walikuwa kwa sehemu kubwa wageni kutoka bara waliofuata kazi za reli, bandari, ofisi na majumbani. Katika nyumba ya namna hiyo mtu hakuweza kuugua kwa siridi. Mwenzake wa chumba cha pili alisikia kikohozi chake usiku, na mzee wa kanisa aliyekuwa akipita mtaani jioni alipata habari zote kibarazani.

Mandhari hiyo imekwisha kwa sehemu kubwa. Jengo la soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 liliimarisha nafasi ya Kariakoo kama kituo cha biashara ya nchi nzima. Kuanzia miaka ya 1990, biashara huria iliongeza thamani ya kila futi ya ardhi. Nyumba za Kiswahili zilibomolewa na maghorofa yakapanda mahali pake: maduka chini, stoo juu, na wapangaji wachache wenye uwezo katika ghorofa za mwisho. Wenye nyumba wengi na wapangaji wao walihamia pembezoni. Jiji lote lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012 na 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na ongezeko hilo linaonekana zaidi upande wa Chanika, Mbagala, Kimara na Bunju kuliko Mtaa wa Mkunguni au wa Sikukuu. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, pamoja na kituo chake cha Gerezani, yameurahisisha zaidi utaratibu wa kulala mbali na kushinda mjini.

Matokeo yake ni kwamba usharika wa katikati ya jiji unaweza kujaa huku mtaa unaouzunguka ukiwa hauna wakazi Wakristo wa kutosha kuunda jumuiya moja. Wanaoujaza ni wa aina tatu: waliohama lakini wakabaki washarika kwa mapenzi ya kanisa walilobatizwa, wenye ofisi na maduka wanaosali karibu na kazi, na wapita njia, wakiwemo wachuuzi, wapagazi wa soko na wateja kutoka mikoani na nchi jirani. Mchungaji anayehubiri Jumapili anawaona wote pamoja. Jumatatu hawapo pamoja tena.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Kwa siku kadhaa za uokoaji, ndugu na wafanyabiashara wenzao walisubiri nje kutafuta habari. Katika tukio la namna hiyo, swali la nani alikuwa ndani hujibiwa kwanza na jirani wa duka, mpagazi wa zamu na mama lishe aliyempelekea chai. Mjumbe wa nyumba kumi wa kule anakolala hawezi kulijibu. Ujuzi wa watu umehama pamoja na maisha yao ya mchana. Swali la makala haya ni kama usharika nao umehama.

4.0 VIASHIRIA VYA AFYA

4.1 Kujuana na kufuatana

Chombo ambacho makanisa ya Tanzania yameunda kwa ajili ya kujuana ni jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliweka msingi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 mjini Nairobi. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania nalo lina jumuiya za nyumba kwa nyumba chini ya mitaa na sharika. Mahali pengi jumuiya imekuwa ndiyo mlango wa huduma nyingine: barua ya viongozi wa jumuiya huhitajika kwa ubatizo wa mtoto, kwa ndoa, na mara nyingine kwa maziko.

Kwa mkazi anayeshinda mtaani mwake, utaratibu huu una nguvu kubwa. Jumuiya husali kwa mgonjwa, huchangia hospitali, huketi kwenye mkeka wa msiba na kushika daftari la rambirambi. Kwa mfanyakazi wa Kariakoo hali ni nyingine. Jumuiya nyingi za Dar es Salaam hukutana Jumamosi asubuhi au siku za kazi jioni. Jumamosi asubuhi ndiyo saa ambayo wateja wa mikoani wanafunga mizigo, na siku za kazi jioni yeye bado yuko barabarani. Anakosa, anakosa tena, kisha anaona aibu kurudi. Siku anapofiwa au anapotaka kubatiza mtoto ndipo anapoambiwa kwamba hatambuliki. Wapo wanaotoa mchango wa miezi yote kwa mara moja ili wapate barua. Hapo jumuiya inakuwa kama kituo cha kutoza ushuru, na pande zote mbili zinajua hivyo.

Ni muhimu kutofautisha kanuni na utekelezaji wake. Wazo la AMECEA la mwaka 1973 lilikuwa kwamba maisha ya kanisa yajengwe katika makundi ambamo watu wanaishi na kufanya kazi kila siku, makundi madogo ya kutosha watu kufahamiana. Kazi ilitajwa pamoja na makazi. Kijijini mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, hivyo jumuiya ilipopangwa kwa nyumba hapakuwa na hasara. Mjini yametengana kwa kilomita 30, na nusu ya pili ya wazo imesahauliwa.

Agano Jipya lina mfano wa karibu. Katika Matendo 18:1–4, Paulo anafika Korintho na kukaa kwa Akila na Prisila kwa sababu wana ufundi mmoja wa kushona mahema. Nyumba yao ilikuwa pia mahali pa kazi, na baadaye wawili hao wanatajwa kuwa na kanisa nyumbani mwao. Jumuiya ya mahali pa kazi, kwa hiyo, haiwezi kuitwa uzushi wa mjini.

Hata hivyo, jumuiya ya namna hiyo ina hatari yake. Majirani wa makazi hawana cheo baina yao. Mwenye duka na muuzaji wake wanacho. Muuzaji hawezi kusema mbele ya mwajiri wake kwamba mshahara wa miezi miwili haujalipwa, na hawezi kuomba aombewe kwa jambo ambalo mwajiri ndiye chanzo chake. Korintho yenyewe ilianguka hapo. Katika 1 Wakorintho 11:17–34, Paulo anawakemea wale wanaotangulia kula chakula chao huku wengine wakibaki na njaa, na wafafanuzi wengi wanaona katika kemeo hilo pengo la waliokuwa na nafasi ya kufika mapema na waliochelewa kwa kazi. Kwa hiyo jumuiya za Kariakoo, zikiundwa, hazifai kufuata duka au jengo. Zinafaa kufuata mtaa, zichanganye biashara tofauti, na uongozi wake usiwe wa mwenye mtaji mkubwa kwa mazoea.

4.2 Mafundisho yanayofika dukani

Kuhubiri kwa usafi ni alama ya kanisa. Kuhubiri kunakogusa siku sita nyingine ni dalili ya afya. Mfanyabiashara wa Kariakoo anakutana kila siku na maamuzi ya kimaadili: kutoa risiti au kutotoa, kuuza bidhaa bandia kama halisi, kumlipa kijana wa duka kwa haki, kuchukua mkopo wa kausha damu ili kulinda mtaji. Usharika ambao mahubiri yake hayataji mambo hayo unaacha sehemu kubwa ya maisha ya msharika nje ya Injili.

Nafasi hiyo haibaki tupu. Injili ya mafanikio huijaza kwa kuahidi kufunguliwa kwa biashara kupitia mafuta, maji au sadaka maalumu. Mvuto wake unaeleweka kwa watu ambao kipato chao hakina uhakika. Lakini inapima kanisa kwa msongamano, na msongamano una gharama. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walifariki wakikanyagana katika mkutano ambapo umati uliitwa kukanyaga mafuta ya upako. Tukio hilo halithibitishi ubaya wa kila mkutano mkubwa, ila linaonesha kwamba wingi wa watu unaweza kuwapo bila ulinzi kwa mtu mmoja mmoja.

4.3 Fedha na uwazi

Bahasha za ahadi, zaka, sadaka ya mavuno na harambee ni njia ambazo washarika wamejitegemea kwazo, na ni mafanikio ya kweli. Kiashiria cha afya hakiko katika kiasi kinachotangazwa bali katika mambo matatu: kama mapato na matumizi husomwa kwa uwazi uleule unaotumika kusoma michango, kama sehemu inayoeleweka hutengwa kwa diakonia, yaani wagonjwa, wajane na wanafunzi wasio na ada, na kama mtu asiye na bahasha bado anatembelewa. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inazitaka taasisi zilizosajiliwa kuwasilisha hesabu zake kwa Msajili. Wajibu huo ni wa ngazi ya taasisi. Usharika wenye afya hauungoji. Unatoa hesabu kwanza kwa waliotoa.

Usharika wa mjini una kishawishi cha pekee. Waliohama na wakabaki washarika ndio mara nyingi wenye kipato, hivyo kuwatunza kwa vikao na sherehe kunalipa. Mpagazi wa soko anayesali ibada ya alfajiri hana cha kuchangia kwenye jengo jipya. Bajeti ya usharika ikionesha vifaa vya muziki na ukarabati kila mwaka, na diakonia ikibaki na masalio, hali ya usharika inasomeka bila utafiti mwingine.

4.4 Uongozi unaohojiwa

Mchungaji wa usharika wa watu maelfu hawezi kuwajua wote. Ujuzi wa watu uko kwa wazee wa kanisa, wainjilisti, makatekista na viongozi wa jumuiya, ambao wengi hufanya kazi hiyo bila malipo. Usharika wenye afya huwapa wajibu unaotajika: majina fulani, mtaa fulani, taarifa kwa siku fulani. Aidha, wanawake, ambao ndio wengi katika ibada na katika ziara za wagonjwa, huwa na nafasi katika baraza linaloamua pamoja na lile linalopika.

Uongozi huo lazima pia uweze kuulizwa. Msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, ambako mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilianza kufukuliwa na kuendelea kupatikana katika miezi iliyofuata, unabaki kuwa onyo. Waliokufa hapo walikuwa katika kundi lililojuana sana. Kilichokosekana ni mlango wa nje: ndugu, majirani na mamlaka nyingine ya kanisa yenye haki ya kuuliza. Kujuana bila kuhojiwa si afya.

4.5 Ujirani na wasio Wakristo

Usharika wa Kariakoo uko kati ya misikiti ya siku nyingi, ukiwemo wa Mtoro, na washarika wake wananunua, wanakopeshana na wanazikana na Waislamu. Oktoba 2012, baada ya tukio la mtoto na msahafu huko Mbagala, makanisa kadhaa yalishambuliwa na kuchomwa. Wakati wa hofu kama ule, matamko ya viongozi wa dini yana nafasi yake, lakini kinachozuia moto mtaani ni ujirani uliojengwa kabla. Usharika unaojulikana na majirani kwa vipaza sauti na msongamano wa magari peke yake hauna akiba hiyo. Unaojulikana kwa kufika msibani bila kuuliza dini ya marehemu unayo.

5.0 PINGAMIZI NA MIPAKA YA HOJA

Hoja ya kujuana inaweza kupingwa kwa namna mbili. Kwanza, wapo wanaoingia kanisa la mjini kwa sababu hawataki kujulikana: mwanamke aliyeachika anayeepuka maneno ya jumuiya yake, mtu aliyepokea majibu ya hospitali asubuhi hiyo, aliyekaa miaka bila kusali. Kwa hawa, kiti cha nyuma kisichouliza jina ni neema. Pingamizi hili ni la kweli, na usharika unaodai fomu mlangoni ungewafukuza. Lakini kutokujulikana kunafaa kama mahali pa kuingilia. Usharika wenye afya humwacha mtu akae nyuma kadiri anavyotaka, na huhakikisha kwamba siku akitaka kusema, yuko mtu wa kumsikiliza na anayejulikana alipo.

Pili, kujuana kunaweza kugeuka upelelezi. Daftari la mahudhurio linalofunguliwa wakati wa msiba ili kupima kama marehemu alistahili kuzikwa na kanisa linaumiza waliobaki kwa kosa lisilo lao, na hutokea mara nyingi kwamba aliyekosa alikosa kwa sababu ya kazi. Kipimo rahisi ni wakati taarifa inapotumika. Usharika uliotambua kukosekana kwa mtu katika juma la tatu na kumtembelea una haki ya kuzungumzia nidhamu. Uliotambua siku ya maziko unakiri kwa kinywa chake kwamba haukumfuata.

6.0 HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Makala haya yamefafanua kwamba mahubiri, sakramenti, fedha, uongozi na ujirani ni viashiria vya lazima vya afya ya usharika, na kwamba katika mazingira ya Kariakoo vyote hutegemea kimoja: kama usharika unamjua mtu wake mahali anaposhinda, si mahali anapolala tu. Mabadiliko ya makazi yamelitenga jina la msharika na mwili wake. Jina liko katika daftari la pembezoni, mwili uko dukani.

Mapendekezo matatu yanatokana na ufafanuzi huu. Kwanza, sharika za katikati ya jiji zitambue rasmi washarika wa mchana, kwa daftari lao lisilofuta uanachama wa nyumbani. Pili, mchungaji au paroko wa makazi na yule wa mahali pa kazi wapeane taarifa, ili ushiriki katika jumuiya ya mtaa wa biashara uhesabiwe kuwa ushiriki halali pale barua ya ubatizo, ndoa au maziko inapohitajika. Tatu, taarifa ya mwaka ya usharika, pamoja na idadi ya waabudu na kiasi cha sadaka, ioneshe ni washarika wangapi walikosekana kwa mwezi mmoja au zaidi na ni wangapi kati yao walifuatwa.

Utafiti zaidi unahitajika katika ngazi ya usharika mmoja mmoja, hasa kuhusu saa za jumuiya zinazowafaa wachuuzi na wauzaji wa maduka, na kuhusu namna muuzaji na mwajiri wake wanavyoweza kuketi katika jumuiya moja bila mmoja kunyamazishwa. Hadi hapo, baraza lolote la wazee linaweza kuanza kwa kulisoma daftari lake na kujiuliza, kwa kila jina, ni nani kati yao aliyemwona mtu huyo tangu Jumapili iliyopita.